Mbawakavu wa Shamba la Mama

Wakati ndugu wanagawana vitu vya mama, mimi niliomba sahani ya bati. Ni nyeupe, ina ukingo wa buluu, na imebanduka rangi upande mmoja. Mama mkubwa alinitazama kama mtu aliyesikia vibaya.

"Kanga huzitaki? Kitanda je?"

Nikasema sahani inatosha. Mama alikuwa akichambulia mchele humo, na mimi niliogopa kwamba nikichukua kitu kikubwa nitashindwa kukitunza, kisha kila nikikitazama kitanikumbusha nilivyoshindwa. Ndivyo nilivyo. Nikifunga mlango wa chumba changu pale Mwembesongo, hurudi kuutikisa hata kama nimesikia komeo likilia. Kwenye steshenari ninapofanya kazi, barua ya mteja naisoma hadi maneno yanapoteza maana, na bado nikishaichapa naona kosa.

Kitu kikubwa hata hivyo nilipewa. Baada ya arobaini mjomba aliniita barazani kwake. Kwetu ardhi hufuata upande wa mama. Ni ya ukoo wake, na msemaji wa ukoo ni mjomba, kaka mkubwa wa mama. Shamba alilokuwa akilima mama liko mlimani juu ya Kilakala, mbele kidogo ya pale ambapo bodaboda hukataa kuendelea.

"Mwanangu, lile shamba shika wewe kwa sasa," mjomba aliniambia. "Vuli ikikaribia tutakaa tuone."

"Tuone nini, mjomba?"

"Tuone kama limepata mtu."

Hakusema kwa ukali, lakini maneno hayo nilikaa nayo kiangazi chote. Nilijua kuna mtu mwingine anayefikiriwa. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, ana mke na watoto, anaendesha bodaboda ya mtu, na hana hata tuta moja la kulima. Kila mwenye akili angempa yeye. Mimi nilikuwa na jambo moja tu la kujitetea: mle shambani mlikuwa na miche ya nyanya chungu ambayo mama aliipanda kitaluni kwa mikono yake na kuihamisha kabla ugonjwa haujamlaza. Hakuiona ikitoa ua. Nilitaka kuchuma zile nyanya chungu. Nilitaka pia, niseme ukweli, mahali ambapo nikisimama nisihisi ni mgeni, na tangu mama aondoke mahali pa namna hiyo pamebaki pale tu.

Sikusoma kilimo. Niliishia kidato cha nne, na ninachokijua kuhusu mimea nimekiokota kwenye simu, bando likiruhusu. Nilipanda mlimani kila nilipopata nafasi, asubuhi kabla ya kazi na Jumapili nzima. Hewa ilikuwa na harufu ya moshi, kwa sababu kiangazi moto huwa haukosi kwenye miteremko ya Uluguru, na majivu mepesi yalitua juu ya majani. Nilikuwa nikiyafuta kwa kitambaa, jani baada ya jani.

Majani yaliyobadilika mwanzo ni ya upande wa juu, karibu na minyonyo ambayo mama aliiacha iote mpakani. Yalipata vidoti vya njano, kama yamechomwachomwa kwa ncha ya sindano. Nikadhani ni kiu, nikamwagilia zaidi. Vidoti vikaongezeka. Jirani yangu wa shamba, mama mtu mzima anayelima matuta yanayopakana na yetu, alikuja akageuza jani moja, akaguna.

"Utitiri huu."

"Wa kuku?"

"Wa kuku yuko kwa kuku. Huyu wa majani. Akishaingia kiangazi, huyo kakaa."

"Mama alikuwa anafanyaje?"

"Mama yako? Alikuwa anapanda mingi, anamwachia fungu lake." Akacheka, halafu akakatisha kicheko alipokumbuka tunamsema marehemu. "Usiwe na haraka naye, mwanangu," akaongeza, akarudi kwenye matuta yake.

Mimi haraka ndiyo niliyozaliwa nayo. Kesho yake nilipanda na sahani ya mama. Nilikuwa nimesoma kwamba ukitaka kuwaona utitiri, unashika jani juu ya kitu cheupe na kuligonga. Nikagonga. Vikadondoka vidoti vyekundu, vidogo mno, na kabla sijaamini ni viumbe vikaanza kujikokota kwenye bati. Katikati yao palikuwa na kidoti kimoja cheusi kinachong'aa, sawa na mbegu ya mchicha, kikienda mbio kuliko wenzake. Nilikibana kwa kidole bila kufikiri. Kilivunjika kwa sauti ndogo ambayo nadhani niliisikia, ingawa haiwezekani.

Yule nilimtafuta baadaye kwenye simu, wateja walipopungua. Ni mbawakavu, wa jamaa moja na wale wekundu wenye madoa mgongoni ambao watoto huwatembeza mikononi, ila yeye ni mdogo na mweusi mtupu. Anaishi kwa kula utitiri. Nilikuwa nimemuua mlinzi.

Kuanzia hapo nilisoma kila nilichokipata juu yake, mengine kwa lugha niliyoielewa nusu nusu. Nilichokielewa ni hiki. Utitiri ukiwa haba, mbawakavu hutembea sana na kula kidogo. Utitiri ukiongezeka, naye hula zaidi, lakini ana tumbo moja. Hufika mahali ameshiba, na hapo hata utitiri ujae shamba zima hawezi kupita kiasi chake. Kinachobaki kusaidia ni wao kuwa wengi. Wanaoruka kutoka kwingine hutua penye utitiri mwingi, na majike hutaga palepale ili watoto wakianguliwa wakute chakula. Lakini kutaga, kuanguliwa na kukua kunataka muda, na utitiri haungoji. Wenyewe huzaana haraka zaidi, hasa kwenye joto na ukavu. Kwa hiyo hupita kipindi ambacho shamba linaonekana limekwisha, na walinzi wake ndio kwanza wako kwenye mayai. Na utitiri ukitoweka kabisa, mbawakavu hawakai kutazamana. Huondoka.

Sehemu hiyo ya kuchelewa niliirudia mara nyingi. Mama aliugua muda mrefu, na muda mwingi tulikuwa wawili. Ndugu walipita mmojammoja, wakakaa kidogo, wakaondoka na shughuli zao. Hali ilipokuwa mbaya kabisa ndipo nyumba ilipojaa. Walikuja na unga, na kuni, na kanga, wakalala sakafuni hadi ukumbini, wakapika, wakamwosha, wakanishika nilipokuwa siwezi kusimama. Tulipoanua matanga wakaanza kupungua tena, na kufikia arobaini nyumba ilikuwa imerudi kimya. Sisemi kwa lawama. Walifanya kila kitu ambacho watu wanaweza kufanya. Nilikuwa nawaza tu kwamba laiti wangekuja mapema, wakati bado alikuwa anacheka.

Basi nikaanza kugonga majani kila nilipopanda. Ile pembe ya minyonyo ndiyo iliyokuwa chafu kuliko zote, yenye utando kama wa buibui chini ya majani, na ndiyo iliyokuwa na weusi. Mwanzo mmoja, pengine hakuna. Baada ya muda wawili watatu kwa kila jani, kisha mabuu yao, ya kijivu, yenye vinywele, yakitambaa taratibu katikati ya utitiri. Kwingine shambani, ambako majani yalikuwa mazima, hakukuwa na mweusi hata mmoja. Mambo yalikuwa yanakwenda kama nilivyosoma, na hilo lilipaswa kunituliza. Halikunituliza. Kila nikigonga, weusi wameongezeka kidogo na wekundu wameongezeka sana, na mimi katikati natakiwa kukaa nikitazama majani ya mama yanaungua. Nilikuwa nakuna shingo hadi inatoka vidonda.

Ndipo mjomba alipotuma ujumbe. Maneno machache tu: Jumapili nitapita shambani.

Nilisimama na simu mkononi pale steshenari hadi mteja akanigongea kaunta. Nililiona shamba kwa macho ya mjomba: majani ya njano, utando, minyonyo iliyosongamana mpakani, magugu chini yake. Kwetu shamba lenye pori husemwa halina mwenyewe. Mtu akitaka kukuondoa mahali, jambo la kwanza atakalolisema ni kwamba palikuwa pori. Nilijua kuhusu mbawakavu kila kitu nilichoweza kujua, na katika kipindi kile hakikunisaidia kitu.

Niliomba ruhusa kazini. Nikachuma kila jani lenye kidoti, hata kimoja. Nikang'oa magugu na mizizi yake. Nikaanza na panga kwenye minyonyo. Kaka aliyesikia kutoka kwa mke wake kwamba niko mlimani tangu alfajiri alikuja kuniona, akanikuta nafagia chini ya miche kwa ufagio wa chelewa.

"Dada, umebakiza kupiga deki tu."

"Mjomba anakuja Jumapili."

"Anakuja kula chini hapo?" Akacheka, lakini akavua koti lake. "Lete panga. Hiyo minyonyo itakuvunja mgongo."

Alinisaidia kukata ile iliyonishinda. Nalisema hili kwa sababu watu wakiisikia habari yetu hudhani kaka ndiye mbaya, na si kweli. Alikata huku akinitania, akarundika pamoja na majani niliyoyachuma, na mimi nikawasha kibiriti. Minyonyo mibichi ilitoa moshi mzito mweupe. Nilijua kilichokuwa kwenye majani yale. Nilikuwa nimepiga hesabu hiyo kichwani na kujiambia kwamba weusi wataruka, wana mabawa. Mayai hayana mabawa, wala mabuu.

Mjomba hakuja Jumapili ile. Alipata msiba upande wa Matombo, akakaa huko.

Kwa siku chache shamba lilikuwa zuri, jinsi lisivyowahi kuwa mikononi mwa mama. Udongo mtupu uliofagiliwa, miche imesimama kwa mistari yenye majani machache ya kijani safi. Nikigonga, sahani ilibaki nyeupe. Jirani alisimama kwenye mpaka ambao sasa ulikuwa visiki, mikono kiunoni.

"Umesafisha hadi mpakani."

"Ndiyo, mama."

"Watu wanauliza."

"Wanauliza nini?"

"Nani anajenga."

Nilicheka. Nilidhani ni utani wake. Sikufikiri kwamba kule juu, siku hizi ambapo nyumba za mjini zinapanda mlima, shamba likisafishwa namna ile kinachofuata huwa ni vigingi na kamba, halafu tripu za matofali. Sikufikiri kwamba mtu aliyeko barabarani akitazama juu haoni miche, anaona kiwanja.

Utitiri ulirudi kabla sahani haijazoea weupe. Mayai yalikuwa yamebaki kwenye makunyanzi ya majani machanga, na mengine bila shaka yaliletwa na upepo. Joto lilikuwa limeongezeka, na mawingu ya vuli yalikuwa yanajikusanya juu ya milima kila alasiri na kutawanyika bila kutoa kitu. Niligonga, wekundu. Nikagonga tena, wekundu zaidi. Mweusi hakuna. Aliyetokea mara mojamoja alizunguka kidogo kwenye jani, kesho yake nikamkosa. Hapakuwa tena na ile pembe chafu ya kumkaribisha, wala kivuli cha kukaa. Utando ulitoka kwenye mche mmoja hadi mwingine. Maua ya kwanza yalikauka yakiwa bado yamefumba.

"Nunua dawa upulize," jirani alinishauri.

"Nikipuliza nitaua na wale wanaowala."

"Wale wepi? Si uliwachoma?"

Alisema kwa sauti ya kawaida tu, akiendelea kuchuma mchicha wake. Mimi nilikaa chini kwenye udongo niliofagia.

Mjomba alikuja shamba likiwa na rangi ya kutu. Alipanda taratibu akishikilia fimbo, kaka akiwa nyuma yake amebeba chupa ya maji. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza kila kitu kwa mpangilio: utitiri, mbawakavu, jinsi wanavyofuata wingi, jinsi wanavyochelewa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mnunuzi ni nani?"

Nilidhani sikusikia. "Mnunuzi wa nini, mjomba?"

"Nimeambiwa tangu niko msibani. Umefyeka mpaka, umefagia, umechoma. Nikasema hapana, mpwa wangu hana moyo huo. Leo nimekuja naona mimea imekauka na hakuna anayejali. Niambie, ni nani?"

"Hakuna mnunuzi. Nilisafisha kwa ajili yako."

"Yangu?"

"Ulisema utapita. Nilitaka uone kwamba lina mtu."

Alinitazama, akatazama visiki vya minyonyo. Kaka alikohoa.

"Mjomba, kweli," alisema. "Na mimi nilikata. Dada alikuwa anafagia kama anasubiri mkwe."

"Minyonyo hii mama yako ndiye aliyeiacha iote," mjomba aliniambia. "Unaijua sababu?"

"Hapana."

"Hata mimi siijui. Lakini hakuikata."

Nikaanza kumweleza habari za wadudu. Nilieleza vibaya, nikianzia katikati, nikirudi nyuma, nikimwonyesha sahani. Nikagonga jani juu yake ili aone mweusi angalau mmoja. Vikadondoka vyekundu vitupu. "Watakuja," nilisema. "Utitiri ukishakuwa mwingi hivi lazima waje. Nipe muda kidogo tu."

Mjomba hakunicheka. Ingekuwa rahisi kama angenicheka. Aliketi kwenye ukingo wa tuta, akanywa maji, akasema, "Mwanangu, nakuamini kwamba huuzi. Lakini kama mimi nimedhani, na wengine wamedhani. Na mvua hiyo hapo juu. Shamba linataka mtu anayeweza kukaa nalo hata likiwa baya. Wewe linakutesa. Tazama shingo yako."

Nikafunika shingo kwa kanga.

Kaka alipewa shamba palepale, na alionekana kuwa na aibu kuliko furaha. "Utakuwa unakuja kuchuma mboga," aliniambia tukiteremka. "Si lako hilo hilo?" Nikamwambia ndiyo. Tulipofika pikipiki ilipo, alinipeleka hadi Mwembesongo.

Sikupanda tena hadi nilipokumbuka kwamba sahani niliisahau kule. Nilimpigia kaka simu, akasema ipo, ameigeuza juu ya kisiki isijae vumbi. Nilipanda mvua ikiwa bado. Miche ya mama ilikuwa imesimama vilevile, kwa sababu kaka alikuwa na abiria wengi na hakupata siku ya kuing'oa. Mingi ilikuwa vijiti. Nilichukua sahani, na kabla sijajizuia nikagonga jani moja ambalo bado lilikuwa na sehemu ya kijani.

Walikuwa weusi. Walidondoka wakatawanyika kwenye bati, wengi kiasi kwamba niliacha kuhesabu, na mabuu ya kijivu katikati yao, na vyekundu vichache tu vikikimbizwa. Nikaenda mche wa pili, na wa tatu. Walikuwa kote. Walikuja kwa kuwa palikuwa pabaya vya kutosha, nao hawakuwa na habari kwamba shamba limeshapata mtu mwingine.

Sauti ya kaka ilitoka nyuma yangu. Alikuwa amekuja na jembe.

"Wadudu wako wamekuja?"

"Wamekuja."

"Sasa hivi?" Alichungulia sahani, akatikisa kichwa. "Na mimi ndiyo nimekuja kung'oa, dada. Mbegu za maharage nimeshapata, mvua ikinikuta hivi mjomba atanigeuzia kibao na mimi."

Nilijua kwamba ana haki. Sikumwomba aiache miche. Niliimwaga sahani taratibu kwenye kisiki kimoja cha minyonyo, kwa sababu nilikuwa nimeona kwamba visiki vimechipua. Machipukizi yalikuwa mekundumekundu, majani yake laini, na chini ya jani kubwa palishaanza vidoti vya njano.

"Hivi visiki utavitoa?" nilimuuliza.

"Nilikuwa na mpango huo."

"Viache, kaka. Hivi tu."

"Vina nini?"

Nilitaka kumweleza, kisha nikakumbuka nilivyoeleza mbele ya mjomba. "Mama aliviacha," nilisema.

Alitazama kisiki, akatazama jembe lake, akainua mabega. "Sawa. Nani ana nguvu za kung'oa mnyonyo." Akageuka akaanza kazi upande wa chini, na mimi nikasikia mche wa kwanza ukitoka ardhini kwa ule mkwaruzo mkavu wa mizizi.

Nilibaki pale kwenye kisiki. Jani lile lenye vidoti lilikuwa karibu na mkono wangu, na vidole vilikuwa vinaniwasha kulichuma. Nikaishika sahani kwa mikono yote miwili hadi nilipoanza kuteremka.